"Formata tu, uweke upya": shauri tunalopeana bila kufikiri



Kuna shauri moja ambalo kati yetu limekuwa dawa ya kila ugonjwa wa kompyuta. Mtu akisema programu yake inakataa kufunguka tangu afanye mizajuru ya Linux, jibu linakuja mbio: "Formata tu, uweke upya." Leo nataka kulikosoa shauri hilo, na kuwakosoa pia wale wa juu wanaotengeneza hali inayolizaa. Halikuzaliwa Kashuga. Lilizaliwa mahali ambapo rezo ni ya bei nafuu, umeme hauzimwi, na kila kitu ulichokifuta kinarudi kwa nusu saa. Sisi huku tunakula umeme wa jua na wa jenereta, tunanunua mega kwa hesabu, na barabara ya Kitshanga, Mweso, Kashuga mpaka Kalembe inafungwa na vita mara kwa mara. Kwetu shauri hilo lina bei, na anayelitoa siye anayelipa.

Hoja yangu ni hii: programu inayogoma baada ya mfumo kupandishwa, mara nyingi haijafa. Kuna kitu kimoja chini yake kimebadilishwa au kimeondolewa. Kazi ni kukitafuta hicho kitu na kukirudisha.

NI NINI HASA KINACHOVUNJIKA

Chukua mashini ya kusaga. Mwenyewe ananunua moteri mpya yenye nguvu kuliko ya kwanza, lakini puli yake ni kubwa zaidi, basi mkanda haufiki. Kinu ni kizima, mahindi yapo, wateja wako kwenye mstari. Hakuna mtu mwenye akili atakayebomoa nyumba ya kinu kwa sababu ya mkanda.

Kwenye Linux moteri hiyo inaitwa rantaimu. Ni Python, ni Java, ni Qt, pamoja na maktaba ndogo ndogo zinazokaa chini ya programu tunazozifungua kila siku. Programu nyingi hazitembei zenyewe, zinabebwa na rantaimu. Ukipandisha mfumo mzima, rantaimu inapanda pia, hata kama programu uliyoizoea haikuguswa. Unafungua asubuhi, unabonyeza, hakuna kitu. Hata neno moja halitoki.

Nitoe mifano ya kweli, kwa sababu tukibaki kwenye maneno ya juu juu tutarudi kule kule kwenye kuformata.

Ubuntu 20.04 ilikuwa na Python 3.8. Ubuntu 22.04, ya mwezi wa nne 2022, ikaja na Python 3.10. Ubuntu 24.04 ikaja na 3.12. Ile 20.04 ilimaliza muda wake wa kawaida wa kuhudumiwa mwezi wa tano 2025, basi wengi walilazimika kupanda, na wengine walipanda ngazi mbili mfululizo. Kila ngazi ilikuwa na mtego wake.

Mtego wa kwanza. Kuanzia Python 3.10, mahali panapotakiwa namba nzima, namba yenye nukta haikubaliwi tena kimya kimya. Inaonekana jambo dogo. Lakini programu nyingi za madirisha zilizoandikwa kwa PyQt5 zilikuwa zinagawa upana wa dirisha kwa mbili, zinapata kwa mfano 412.5, na kuipa Qt namba hiyo. Python ya zamani ilikata ile nukta, na tangu 3.8 ilikuwa inanung'unika pembeni tu. Ile ya 3.10 inakataa kabisa, na programu nzima inajifunga. Dawa yake? Kuzungushia namba hiyo neno int na mabano yake mawili. Herufi tano.

Mtego wa pili. Python 3.12, iliyotoka mwezi wa kumi 2023, iliondoa distutils, kifurushi kilichokuwa ndani ya Python kwa miaka mingi. Programu yoyote iliyokuwa inakiita inakufa na maneno haya: No module named 'distutils'. Mara nyingi inatosha kuweka kifurushi kimoja tu, python3-setuptools, ambacho kinabeba nakala ya kile kilichoondolewa.

Mtego wa tatu ndio unaoniuma zaidi, kwa sababu unagusa wanafunzi moja kwa moja. Wengi wetu tunaijua Kiwix, programu inayokuwezesha kusoma Wikipedia nzima bila intaneti, kwa Kifaransa, kwa Kiswahili na kwa lugha nyingine. Kwa kijiji kama chetu hiyo ni maktaba kamili ndani ya diski. Kwenye Linux inagawiwa pia kama AppImage, faili moja tu unayoibonyeza inafunguka, haihitaji kuwekwa kwenye mfumo. Sasa, AppImage nyingi za zamani zinategemea maktaba ndogo inayoitwa libfuse2, na Ubuntu 22.04 ilikuja bila kuiweka. Maktaba nzima ya maarifa ikafungwa mlango kwa sababu ya kifurushi ambacho hakifiki hata mega moja.

Majibu utakayoyapata mahali pengi ni: shusha libfuse2. Sawa, lakini kama huna rezo? AppImage yenyewe inajua kujifungua bila msaada. Unaingia kwenye terminali, ndani ya folda ilipo, unaandika jina la faili na kuongeza:

./jina-la-programu.AppImage --appimage-extract

Inatoa folda inayoitwa squashfs-root. Ndani yake kuna faili AppRun, hiyo ndiyo unayoianzisha. Mega zilizotumika: sifuri. Yale mafaili makubwa ya Wikipedia hayakuguswa hata kidogo. Mtu aliyekwambia uformate angekuwa amekupotezea siku tatu, na pengine na maktaba yako.

GHARAMA YA KUFUTA

Niseme jambo nililoliona kwa macho, bila kutaja mtu wala duka. Mdogo wangu mmoja, mwanafunzi wa maendeleo ya vijijini, alikuwa ameingiza kwenye programu moja majibu ya wakulima aliowauliza kwa ajili ya TFC yake. Alitembea kwa mguu vijiji kwa vijiji. Baadhi ya wale wakulima walikuwa wamekimbia kwao, wanaishi kwenye kambi au kwa familia za watu, na sijui kama atawapata tena. Alipopandisha mfumo, programu ikagoma. Akapeleka mashini mjini kwa fundi. Fundi akanakili folda ya Documents, akaformata, akarudisha Documents, akapokea pesa yake.

Majibu ya wakulima hayakuwa ndani ya Documents. Programu nyingi za Linux zinaweka kazi yako ndani ya folda zilizofichwa, zile ambazo jina lake linaanza na nukta: .local, .config, au .var kama programu ni ya Flatpak. Huzioni mpaka ubonyeze Ctrl na H kwenye dirisha la mafaili. Data ilikuwa pale, nzima kabisa, mpaka dakika ile diski ilipofutwa. Programu ilikuwa inadai kifurushi kimoja.

Ndiyo maana nasema hili si jambo la mafundi peke yao. Sisi watu wa huku tumeshapoteza karatasi nyingi: vyeti, daftari za shule, orodha za vyama. Mtu akikimbia anabeba mtoto na godoro, kabrasha linabaki. Wengi walianza kuamini kompyuta kwa sababu faili inaingia kwenye flashi na flashi inaingia mfukoni. Kama faili yenyewe tunaifuta kwa mkono wetu, bila bunduki hata moja kulia, tutamlaumu nani?

JINSI YA KUTENGENEZA KABLA YA KUKATA TAMAA

Siandiki kitabu cha mafunzo, lakini ukosoaji usio na njia mbadala ni kelele tu. Mpangilio ninaoutumia ni huu.

Kwanza, usifute kitu. Nakili folda yako yote ya nyumbani kwenye diski nyingine au flashi, pamoja na zile zilizofichwa. Kama nafasi ni ndogo, anza na .local/share na .config.

Pili, ianzishe programu kutoka terminali, si kwa kubonyeza picha yake. Ukibonyeza picha, kosa linasemwa gizani, hakuna anayelisikia. Ukiiita kwa jina kutoka terminali, itakwambia inakolia. Maneno yatakuwa mengi na ya kutisha. Kwa programu za Python, ruka mpaka mstari wa mwisho, kwa kawaida ugonjwa umetajwa pale.

Tatu, jiulize ni ugonjwa wa aina gani. Kama inasema No module named, kuna kifurushi kinachokosekana. Kama inasema TypeError na inataja float na int, ni ule mtego wa namba. Kama inalalamika juu ya faili inayoanza na lib na kuishia na .so, ni maktaba ya mfumo iliyobadilishwa au kuondolewa. Andika mstari huo kwenye daftari, herufi kwa herufi. Ukipata rezo ya dakika kumi Mweso au mahali pengine, unautafuta mstari huo huo, si "programu yangu imekufa".

Nne, rudisha kinachokosekana pembeni ya kipya, usipigane na kipya. Kuna jambo linalowachanganya wengi: ulikuwa umeweka vifurushi kwa pip, ukapandisha mfumo, vyote vikatoweka. Havijatoweka. Viko ndani ya .local/lib/python3.10, lakini Python 3.12 inatazama folda ya 3.12 tu. Fungua mazingira ya pekee kwa ajili ya programu hiyo:

python3 -m venv mazingira

halafu weka vifurushi ndani yake. Kama rezo iko kwa rafiki tu, yeye anavishusha kwa pip download kwenye mashini yenye Python ya namba ileile, anakuletea kwenye flashi, nawe unaviweka kwa --no-index na --find-links. Kwa Java ni rahisi zaidi: Debian na Ubuntu zinakubali Java mbili tatu zikae pamoja, unachagua ya kutangulia kwa update-alternatives. Programu yako ya zamani ikidai Java yake ya zamani, unaitanguliza hiyo, na mpya nayo inabaki imewekwa.

Yaya mmoja aliniambia: "Hayo yote ni ya mainjinia, sisi wa sheria na pedagojia tutaweza aje?" Nikamwambia kwamba mtu anayeweza kusoma hukumu ya kurasa ishirini akatoa hoja tatu, anaweza kusoma mstari mmoja wa kosa. Kinachotukosesha si akili. Tumezoeshwa kwamba maneno yale hayatuhusu.

WA JUU NAO WANA LAO

Sasa tuwaangalie wanaotengeneza. Ingekuwa dhuluma kumlaumu mwanafunzi wa Kashuga peke yake wakati waliobadilisha puli wako mbali.

Linus Torvalds, aliyeanzisha Linux mwaka 1991, ana sheria kali kwenye kerneli: mabadiliko yanayovunja programu za watumiaji ni kosa la kerneli, hata kama programu hizo ziliandikwa vibaya. Mwaka 2014, kwenye mkutano wa Debian huko Portland, Marekani, alilalamika waziwazi kwamba ngazi zilizo juu ya kerneli haziheshimu adabu hiyo. Mpaka leo tatizo bado lipo. Kerneli inabeba programu ya zamani sana bila shida, lakini maktaba na lugha zilizo juu yake zinabadilika na kuiacha nje.

Nitende haki. Mabadiliko mengine yalikuwa ya lazima. Python 3 ilitoka mwaka 2008, na sababu moja kubwa ilikuwa kushughulikia vizuri maandishi ya lugha zote za dunia, jambo linalotufaidia hata sisi. Mwisho wa Python 2 ulipangwa kuwa 2015, ukasogezwa mpaka tarehe 1 mwezi wa kwanza 2020, ili watu wajiandae. Ilipotoka QGIS 3.0 mwaka 2018, ile programu ya ramani, ilihamia Python 3, na viongezo vingi vya zamani vikabaki nje mpaka vilipoandikwa upya. Wenye kazi waliteseka, lakini walikuwa wameambiwa.

Na usalama nao si mchezo. Mfumo usiopandishwa kwa miaka ni mlango wazi. Kwa hiyo simfuati yule anayesema "usifanye mizajuru kamwe". Huyo ni ndugu wa yule wa kuformata, wote wawili hawataki kusoma.

Ninachokosoa ni namna ya kuambiwa. Tangazo la kwamba distutils itaondoka liliwekwa mahali wanaposoma watengenezaji. Mtumiaji wa mwisho hakuambiwa kitu. Mfumo unapokuuliza kama unataka kupanda, haukwambii: "Una programu tatu ambazo huenda zisifunguke kesho." Unakwambia tu kuna toleo jipya. Kitu kidogo hicho, orodha ya vitakavyoguswa kabla ya kubonyeza ndiyo, kingeokoa kazi za watu wengi.

Dawa wanayotupa siku hizi ni Flatpak, ambako kila programu inakuja na rantaimu yake, na rantaimu za zamani zinaweza kukaa pamoja na mpya. Kiufundi ni wazo zuri, linajibu tatizo kabisa. Lakini rantaimu moja inaweza kula mamia ya mega, na baada ya muda inatangazwa imezeeka, unatakiwa kushusha nyingine. Kwa mtu wa Berlin ni dakika. Kwa mtu anayenunua mega kwa franga ni chakula cha nyumbani. Wachache wanajua kwamba Flatpak ina amri ya create-usb, inayoweza kubeba programu na rantaimu yake kwenye flashi kutoka mashini moja mpaka nyingine. Kitu kinachotufaa zaidi ndicho kinachotangazwa kidogo zaidi.

NA SISI TUJIKOSOE

Tabia yetu moja ni kunakili amri yenye sudo mbele bila kujua inafanya nini. Nitataja mbili. Ya kwanza: kubadilisha python3 ya mfumo ielekee toleo la zamani ili programu moja ifunguke. Kwenye Ubuntu, sehemu za mfumo wenyewe zinategemea Python ile ile iliyokuja nao. Ukiihamisha, hata terminali inaweza kukataa kufunguka, na sasa una wagonjwa kumi badala ya mmoja. Ya pili: pip inapokataa kuweka kifurushi kwenye Debian 12 au Ubuntu 24.04, watu wanaambiwa waongeze --break-system-packages. Jina la amri linakwambia waziwazi kwamba utavunja vifurushi vya mfumo, na bado tunabonyeza. Pip ilikukataza ili kukulinda. Njia yake ni ile venv niliyoitaja.

Tabia nyingine ni heshima tunayompa fundi wa mji. Tangu Goma ibadilike mikono mwezi wa kwanza 2025, kupeleka mashini kule kumekuwa safari ya mashaka na gharama, na bado tunafunga laptopu kwenye nailoni tunaituma kwa motari, kwa ugonjwa ambao mara nyingi ungetibiwa hapa hapa kwa kusoma mstari mmoja. Siwadharau mafundi. Wengi wanajua kazi. Lakini fundi analipwa kwa mashini kuwaka, hajui thamani ya kilichomo. Wewe ndiye unayejua. Usimkabidhi kabla hujanakili.

NINACHOPENDEKEZA

Sisi wahitimu hatuwezi kuamuru Python wala Ubuntu. Lakini tunaweza kufanya mambo mawili ambayo hayahitaji mfadhili.

La kwanza ni flashi moja ya pamoja. Ndani yake: libfuse2, python3-setuptools, Java ya zamani na mpya, AppImage za programu tunazozitumia zaidi. Mwenye kupata rezo nzuri anashusha, wengine wananakili. Kumbuka kwamba ukiweka kitu kwa apt-get, faili zake zinabaki ndani ya /var/cache/apt/archives, lakini ukitumia apt peke yake zinafutwa baada ya kuwekwa. Kwa hiyo anayeshusha kwa niaba ya wengine atumie apt-get, halafu anakili folda hiyo. Kila faili iandikwe ni ya Ubuntu gani, maana ya 22.04 haitaingia vizuri kwenye 24.04.

La pili ni daftari la makosa, kwa Kiswahili. Upande mmoja mstari wa kosa kama ulivyotokea, upande wa pili kilichotengeneza, na toleo la mfumo. Mistari hamsini ya namna hiyo, iliyokusanywa na watu wa Kashuga, Mweso na Kalembe wenyewe, itatufaa kuliko ushauri wa mtu ambaye hajawahi kusubiri jua litoke ndipo awashe mashini.

Mwezi huu kuna wadogo zetu wanaomalizia TFC. Kabla hawajabonyeza mizajuru, waambieni wanakili folda zao, zile zilizofichwa kwanza. Na mtu akija kwako analia kwamba programu yake imekufa, usimwambie aformate. Muulize: mstari wa mwisho unasema nini?